Nishati Huenda Wapi? Hesabu za Kigoma, kutoka Sufuria ya Maharage hadi Meli ya Liemba

Uniti moja ya umeme wa LUKU, ile ambayo pasi ya wati 1,000 huimaliza kwa saa moja, ina nishati ya kutosha kupakia magunia 2,400 ya kilo mia mia kwenye lori ambalo bodi lake liko mita moja na nusu kutoka chini. Hesabu yake ni fupi. Gunia la kilo 100 likiinuliwa mita moja na nusu hupokea juli 1,470 hivi (juli ni kipimo cha nishati), na uniti moja ni juli milioni 3.6. Gawanya uone. Aliyewahi kusimama kwenye mwalo wa Kibirizi, hapo kaskazini mwa mji wa Kigoma, akawatazama wachukuzi wakipanda ubao na mizigo mabegani, atasita kuamini. Kazi ambayo mabega ya mtu mmoja hufanya kutwa nzima haifikishi uniti moja. Uniti hiyohiyo nyumbani imenyoosha mashati machache na sare za shule, basi.

Ukiielewa tofauti hiyo umeelewa sehemu kubwa ya somo la nishati, sehemu ambayo darasani hupitwa mbiombio. Tulikariri sote kwamba nishati haiumbwi wala haiharibiwi, hubadilika tu kutoka umbo moja kwenda jingine. Tukaiandika kwenye mtihani, tukapata alama. Lakini sentensi hiyo ikiachwa peke yake inapingana na kila tunachokiona. Mkaa unaisha. Betri inaisha. Dizeli inaisha. Mpira ukidundishwa mara kadhaa hutulia. Kama nishati haiharibiwi, ya ule mpira imekwenda wapi?

Karibu kila mara jibu ni lilelile: imekuwa joto. Na joto lina tabia ya kumeza nishati nyingi mno bila kuonyesha dalili.

Kusini mwa ziwa letu la Tanganyika, mpakani na Zambia, maji ya mto Kalambo huanguka zaidi ya mita 220 kwa mruko mmoja. Yakiwa juu, kila lita ina nishati ya kimo ya juli 2,150 hivi. Yakianguka, nishati hiyo inakuwa ya mwendo, na maji yanafika chini kwa kishindo kinachosikika mbali. Kisha yanatulia dimbwini, yanaendelea zake kuelekea Ziwa Tanganyika. Kishindo kimekwisha, mwendo umekwisha. Nishati yote ile imebaki ndani ya maji yenyewe kama joto, na kiasi chake ni nusu nyuzi tu, kwa sababu lita moja ya maji inahitaji juli 4,186 ili ipande nyuzi moja ya Sentigredi. Tumbukiza mkono juu ya maporomoko, kisha chini: hutahisi tofauti yoyote.

Ndiyo maana binadamu walichelewa sana kuigundua kanuni hii. Waliona mwendo ukifa kila siku, na pale ulipofia hapakuwa na alama. Ilihitajika subira ya mtu kama James Prescott Joule, mtoto wa mtengeneza bia wa Manchester, ambaye miaka ya 1840 alifunga vizito kwenye kamba, akaviacha vishuke polepole huku vikizungusha makasia madogo ndani ya chombo cha maji, akapima joto la maji hayo kwa vipimajoto vilivyoweza kuonyesha sehemu ndogo sana ya nyuzi moja. Alirudia na kurudia, akabadilisha maji, akatumia zebaki. Kila mara kazi ileile ilizaa joto lilelile. Jina lake ndilo tunalipimia nishati leo, na nadhani analistahili zaidi kwa uvumilivu wake kuliko kwa kingine chochote.

Kabla yake kidogo, daktari Mjerumani Julius Robert Mayer alifika kwenye wazo hilohilo kwa njia ya ajabu. Mwaka 1840 alisafiri na meli hadi Java, nchi ya joto kama yetu, akawatoa damu mabaharia waliougua, kama matibabu ya wakati huo yalivyotaka. Damu ya mshipa wa vena ilikuwa nyekundu kuliko alivyozoea kwao. Akafikiri: kwenye joto, mwili hauhitaji kuunguza chakula kingi ili kujipasha, kwa hiyo oksijeni nyingi inabaki ndani ya damu. Yaani chakula, joto la mwili na kazi ya misuli vyote vinatoka kwenye mfuko mmoja. Alichapisha mwaka 1842, wachache wakamsikiliza. Mwaka 1847 Hermann von Helmholtz akaiweka kanuni katika lugha ya hisabati, na kuanzia hapo ikawa vigumu kuipuuza.

Ule mwili wa Mayer bado tunauona kazini kwenye treni ya Tabora kwenda Kigoma. Mtu mzima aliyekaa tu, asiyefanya chochote, hutoa joto la takriban wati 100. Behewa lenye abiria 60 lina hita ya kilowati 6 iliyowashwa usiku kucha, nayo inaendeshwa na ugali, wali, na mahindi ya kuchoma yaliyonunuliwa dirishani njiani. Treni ikisimama stesheni na upepo wa madirishani ukakoma, abiria huanza kujipepea ndani ya dakika chache. Hilo joto wamekuja nalo wenyewe.

Sasa twende bandarini. Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipandevipande, ikasafirishwa kwa meli na reli na kuunganishwa upya hapa Kigoma, ikaingia majini mwaka 1915 ikiitwa Graf von Götzen. Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka 1916, Waingereza wakaiibua, ikarudi kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba. Ilianza kwa injini za mvuke, baadaye ikafungwa za dizeli. Chukua meli ya ukubwa wake, tuseme tani 1,500 na mzigo, inayokwenda mita tano kwa sekunde. Nishati ya mwendo wake ni kiasi gani? Kanuni ya shule inatosha: nusu ya uzito kwa kilo mara kasi mara kasi. Jibu ni megajuli 19 hivi, yaani juli milioni 19. Lita moja ya dizeli ina megajuli 36.

Yaani mwendo wote wa meli ile, chuma chote, abiria wote na nanasi zao, ni sawa na nusu lita ya dizeli. Hata tukikubali kwamba injini hupoteza zaidi ya nusu ya mafuta yake, lita moja na nusu inatosha kuitoa gatini na kuifikisha kwenye kasi hiyo. Kama maji yasingeipinga, nahodha angeweza kuzima injini hapo nje ya ghuba na meli ikateleza yenyewe hadi Mpulungu, bandari ya Zambia.

Lakini maji yanapinga. Kila mita moja mbele, meli inapaswa kusukuma maji pembeni, na maji hayo yanaondoka na sehemu ya nishati kama mawimbi na mizunguko nyuma ya pangaboi. Mawimbi yanafika ufukweni, yanasuguana na mchanga, yanatulia. Yamekuwa joto. Mapipa yote ya dizeli yanayochomwa kwa safari nzima huishia kulipasha ziwa na hewa iliyo juu yake, na ziwa lenye kina cha mita 1,470 halitikisiki kwa nyongeza hiyo. Safari ikiisha na meli ikafungwa kamba Mpulungu, nishati ya mwendo iliyobaki ndani yake ni sifuri. Hakuna hata tone la ile dizeli tunaloweza kusema limehifadhiwa ndani ya safari.

Reli ni hivyohivyo. Tabora iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, Kigoma ufukweni ni mita 770 na kidogo. Tani moja ya mzigo ikishuka njia hiyo inatoa megajuli 4.2, uniti 1.2 tu ya umeme, na kwenye treni ya dizeli sehemu kubwa ya hiyo huishia kwenye breki zinazochemka na hewa inayosukumwa. Treni ya umeme inaweza kugeuza mota zake kuwa jenereta wakati wa kushuka na kurudisha sehemu ya nishati hiyo kwenye nyaya. Hiyo ni faida mojawapo ya SGR, reli mpya ya umeme, ambayo nafikiri haizungumzwi vya kutosha.

Kama mwendo na kimo ni vitu rahisi hivi kwa nishati, basi kinachotugharimu ni kupasha moto. Na hakuna mahali tunapopasha moto zaidi ya jikoni.

Weka lita tano za maji kwenye sufuria kwa ajili ya maharage. Kuyatoa nyuzi 25 hadi yachemke kunahitaji megajuli 1.5. Kilo moja ya mkaa mzuri ina megajuli 29 hivi. Kwa hiyo kama joto lote la mkaa lingeingia kwenye maji, gramu 50 zingetosha: kipande kimoja kinachofichika kiganjani. Kila mpishi wa Kigoma anajua kwamba kipande kimoja hakichemshi sufuria ya lita tano. Mkaa mwingi zaidi unahitajika, na ziada yote imepasha bati la jiko, miguu ya mpishi, kuta na hewa iliyopanda juu ya sufuria pande zote. Hapo hakuna juli hata moja iliyoharibika. Zimekwenda pasipotakiwa, basi. Jiko banifu, lile lenye udongo wa kuzuia joto ndani ya bati, halina miujiza yoyote. Linachofanya ni kuyaziba baadhi ya matundu hayo.

Jambo kubwa zaidi huanza baada ya maji kuchemka, na hapa ndipo mkaa mwingi wa nchi hii unapoteketea. Kwa kimo cha Kigoma maji huchemka kwenye nyuzi 97 na nusu. Yakishafika hapo hayapandi tena, hata ukipepea jiko mpaka mkaa uwe mweupe. Moto mkali hauyafanyi maharage yaive haraka, maana yamo ndani ya maji ya nyuzi zilezile 97 na nusu, yawe yanachemka taratibu au yanaruka. Nishati ya ziada yote inafanya kazi moja: kugeuza maji kuwa mvuke. Na mvuke ni ghali. Kukausha lita moja kutoka kwenye sufuria kunakula megajuli 2.26, zaidi ya ile iliyotumika kuzichemsha lita zote tano. Mpishi akimwaga kikombe cha maji ya baridi kila baada ya muda kufidia yaliyokauka, kila kikombe ni makaa yaliyoruka dirishani.

Funika sufuria na hesabu inabadilika. Mvuke unagonga mfuniko, unapoa, unakuwa matone, na katika kuwa matone unaiachia ile nishati yote uliyobeba. Sehemu yake inabaki kwenye chombo na maji yanarudi chini bado ya moto. Nishati hiyohiyo iliyofichwa kwenye mvuke ndiyo inayofanya kuungua kwa mvuke kuwe kubaya kuliko kuungua kwa maji ya moto: unapogusa ngozi unageuka maji na kumwaga mzigo wote hapohapo. Kwa hiyo loweka maharage usiku kucha, chemsha, funika, kisha toa nusu ya mkaa jikoni. Ukipata sufuria ya presha ni bora zaidi, kwani presha inayaruhusu maji kufika nyuzi 120 kabla ya kuchemka na maharage yanaiva chini ya saa moja. Ningependa somo hili lifundishwe hivi, kwa sufuria iliyo mbele ya mwanafunzi. Mtoto anayeiona bei ya debe la mkaa kila wiki hana haja ya kuambiwa kwa nini fizikia ni muhimu.

Wavuvi wa dagaa wameyaona mapinduzi ya aina hii bila mtu kuwapa mhadhara. Usiku wa giza, usiokuwa na mbalamwezi, ziwa mbele ya Ujiji na Katonga hujaa taa, kwa kuwa dagaa hufuata mwanga. Kwa miaka mingi taa hizo zilikuwa karabai. Mvuvi anapiga pampu, nguvu ya mkono wake inabana hewa ndani ya tangi, hewa inayasukuma mafuta ya taa juu kwenye mrija wa moto, yanageuka mvuke, yanaungua, na moto wake unakipasha kile kifuko chepesi cha kitambaa ambacho kimekwisha kuungua na kubaki gamba la majivu. Gamba hilo ndilo linalong'aa kwa mwanga mweupe mkali. Guso la kidole tu hulibomoa. Ni kifaa kilichobuniwa kwa akili nyingi, lakini chini ya asilimia moja ya nishati ya mafuta huwa mwanga unaoonekana. Iliyobaki ni joto tupu linalopanda angani juu ya mtumbwi. Taa za LED zenye betri hugeuza takriban theluthi moja ya umeme kuwa mwanga. Ndiyo maana betri moja inayochajiwa na paneli ya sola mchana inaweza kushindana na dumu la mafuta ya taa.

Sasa swali ambalo lazima liulizwe. Kama nishati yote ya karabai bado ipo, kwa nini tusiikusanye kutoka hewani tukaitumia tena?

Fikiria kibuyu cha mawese kimemwagika ziwani. Hakuna tone lililopotea duniani. Lakini limetandaa juu ya maji, jembamba, mita kwa mita, na kulikusanya kunahitaji kazi kubwa kuliko thamani ya mawese yenyewe. Nishati nayo hutandaa. Katika mafuta, mkaa au maji yaliyoko juu ya kilima, imekusanyika mahali pamoja. Ikishakuwa joto la hewa ya kawaida, imegawanyika kwa mabilioni ya molekuli zinazokwenda kila upande. Ipo, haifai. Tunachonunua sokoni na dukani kila siku, kusema kweli, ni huo mkusanyiko.

Hapo pia ndipo ulipo udhaifu wa jenereta. Mwaka 1824 Mfaransa Sadi Carnot alionyesha kwamba injini yoyote inayoendeshwa na joto lazima itupe sehemu ya joto hilo, hata ikiundwa na fundi asiyekosea. Kwa miaka mingi mji wa Kigoma uliwashwa kwa jenereta za dizeli. Lita moja ya dizeli ina uniti 10 za nishati; jenereta nzuri hutoa tatu au nne, nyingine hutokea kwenye bomba la moshi na kwenye rejeta. Mwaka 2022 mkoa wa Kigoma ukaanza kuunganishwa na gridi ya taifa, na kwenye maporomoko ya Igamba, mto Malagarasi, upo mradi wa umeme wa maji wa megawati 49.5. Maji yanayoanguka hayana tatizo la Carnot. Molekuli zake zote zinashuka upande mmoja kwa pamoja, na mtambo mzuri unaweza kugeuza takriban asilimia 90 ya anguko lake kuwa umeme.

Na hili linanileta kwenye jambo linaloniudhi. Kwenye simu zetu husambaa video za "jenereta isiyotumia mafuta". Mota inazungusha mkanda, mkanda unazungusha gurudumu zito, gurudumu linazungusha alteneta (mashine ya kuzalisha umeme), alteneta inailisha mota, na juu yake balbu inawaka. Watu wanatuma fedha kununua ramani yake. Wengine ni vijana wenye vipaji kweli, wanaotumia miezi na akiba zao kwenye kitu kisichoweza kufanya kazi. Tuseme mota ni ya kiwango cha juu, inageuza asilimia 85 ya umeme kuwa mzunguko, na alteneta inarudisha asilimia 80. Anza na wati 100. Mzunguko wa kwanza ukiisha umebakiwa na 68. Wa pili, 46. Wa tatu, 31. Na balbu bado hujaiwasha. Gurudumu zito halisaidii chochote. Linachelewesha kusimama tu, kwa sababu uliliwekea nishati mwanzoni ulipolizungusha. Ukiona balbu imewaka kwa nusu saa, tafuta betri iliyofichwa au waya unaopita chini ya meza. Muulize muuzaji maswali mawili: nishati inaingilia wapi, na kwa saa moja ni kiasi gani? Mwenye paneli ya sola atakuonyesha jua. Mwenye jenereta ya kawaida atakuonyesha tangi. Huyu atabadilisha mada.

Chanzo cha bure kipo, nacho kinafanya kazi kubwa ufukweni kila siku. Tani moja ya dagaa wabichi ikikaushwa hupoteza karibu kilo 700 za maji. Kuyageuza maji hayo kuwa mvuke kunahitaji megajuli 1,700 hivi, sawa na uniti 470 za umeme, au kilo 60 za mkaa kama usingepoteza hata cheche. Hakuna mchuuzi wa dagaa ambaye angepata faida kama angetozwa gharama hiyo. Jua hulipa. Siku nzuri, kila mita moja ya mraba ya ardhi hupata takriban uniti 5, na si zote zinazoingia kwenye samaki, maana nyingine hurudi angani na nyingine hupasha mchanga. Kwa hiyo tani moja inahitaji mita za mraba zaidi ya mia moja kwa siku moja ya jua kali. Chanja iliyoinuliwa kutoka ardhini hupunguza eneo hilo, kwa kuwa upepo wa ziwani nao unapita chini na kuchukua unyevu, na upepo huo ni jua lilelile lililopasha nchi kavu haraka kuliko maji. Masika yakiingia na mawingu yakatanda siku tatu mfululizo, uniti zile 5 hushuka hadi moja au mbili, dagaa wanaanza kunuka kabla hawajakauka, na akina mama wa Kibirizi na Katonga hulazimika kuwasha kuni wawabanike kwa moshi.